Chuma Chenye Macho

Kabla hajajua kusoma, Syokau alijua kuchungulia. Baba yake alikuwa na kipande cha chuma bapa, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima, kilichotobolewa matundu safu kwa safu, kubwa likifuatwa na dogo, na dogo likifuatwa na dogo zaidi, mpaka lile la mwisho ambalo hata sisimizi angefikiri mara mbili kabla ya kuingia. Kwao matundu hayo yaliitwa macho. Baba akishughulika na makaa, mtoto alikiinua chuma hadi usoni, akaitazama milima ya Iveti kupitia jicho moja baada ya jingine. Kwenye jicho kubwa mlima ulionekana wote, na kahawa yake, na moshi wa majirani. Kwenye jicho la kati ulibaki mti mmoja. Kwenye jicho la mwisho hakukuwa na kitu ila mwanga, na ndani ya mwanga huo Syokau aliona chochote alichotaka.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, nieleze kidogo, maana siku hizi watu wanadhani mikufu huota dukani, imeshikizwa kwenye kadibodi. Fimbo nyembamba ya shaba au ya fedha huchongwa ncha kwa tupa, ikapakwa mafuta ya ng'ombe, ncha ikapenyezwa kwenye jicho kubwa, ikabanwa kwa koleo upande wa pili, kisha mtu akaivuta. Ikitoka, imekuwa nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Hupashwa moto ilegee, ikapelekwa kwenye jicho linalofuata, na hivyo hivyo mpaka ikaribie unywele. Bila chuma kile unaweza kuwa na nyundo, msumeno, fuawe na moyo safi, lakini waya wa mkufu mwembamba hutaupata.

Wathome, baba yake, alikuwa amevuta waya tangu ujana wake, na mikufu yake ilivaliwa mpaka Kithimani. Alikuwa na sheria moja tu. Waya ukiwa ndani ya jicho, hakuna kusema. Hakuna salamu, hakuna kuguna, hakuna kukohoa kwa makusudi. Alisema kwamba neno hutikisa mkono, na mkono ukitikisika waya hukatika. Majirani walikwisha kuzoea. Mtu akija na habari ya msiba alisimama kando kwanza, waya ukatoka, ndipo akalia.

Syokau alipewa jina la mama yake Wathome, kama desturi ya Wakamba inavyotaka, na kwa sababu hiyo tangu akiwa mchanga baba yake hakumwita jina lingine ila *mwaitu*, yaani mama yangu. Hakuwa anatania. Alimpisha kiti, na akiletewa uji na mtoto huyo aliupokea kwa mikono miwili. Yule Syokau wa kwanza alistahili. Mumewe alifariki Wathome akiwa bado hajaota jino la pili, na mashemeji wakaja mbio kukitaka chuma, lakini mama yule alikuwa amekwisha kukifunga kwa ngozi na kukifukia ndani ya mtama ghalani. Huko kilikaa mpaka mwanawe alipofikia umri, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Kila mgeni aliyekunywa chai nyumbani kwa Wathome aliondoka na hadithi hiyo, apende asipende.

Lakini heshima nayo ina mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa chuma kile. Baba alimfundisha Syokau kuchoma makaa, kuyeyusha, kumimina, kufua, kukata pete kwa msumeno na kuzilehemu. Kuvuta waya, hapana. Mvutaji hukaa chini, akatanua miguu, nyayo zikakanyaga zile nguzo mbili zinazoshika chuma, akajitupa nyuma kwa mwili mzima. "Mwanamke atakaa namna hiyo, watu wakimwangalia?" Wathome aliuliza kila mara, na kila mara hakungoja jibu. Kisha alimtolea methali yake, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," akimwonyesha mivukuto. Basi Syokau alivukuta. Alivukuta akawa msichana, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake na kuikuta mivukuto pale pale, ikimngoja kama mbuzi wa kufuga.

Mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, milima ikiwa ingali kijani kuliko kawaida, Syokau alikuwa na meza yake mjini Machakos, karibu na soko. Meza ilikuwa ndogo, ila sanduku lililokaa chini yake lilikuwa dunia nzima. Ndani mlikuwa na koleo ya ncha nyembamba na koleo ya ncha ya mviringo, tupa aliyoitumia mpaka ikawa laini, msumeno wa meno madogo, na kipande cha reli ya treni alichokitumia kama fuawe. Mlikuwa na makopo ya shanga, mifupa iliyosuguliwa, pembe za ng'ombe zilizokatwa vipande, na mifereji ya maji ya shaba na kufuli za zamani zilizongoja kuyeyushwa. Wateja wakikosekana alifungua sanduku akavigusa vitu vyake kimoja kimoja, akili ikienda mbali. Aliota mchana, macho wazi. Aliota mkufu mwembamba kiasi kwamba aliyeuvaa angeusahau mpaka jua limguse shingoni. Wenzake wa sokoni walikuwa wanamwita mara tatu kabla hajaitika, wakacheka, "Huyu ameenda kwake tena."

Siku moja Deka alifika mezani. Deka alikuwa mama wa Kisomali aliyeuza vitambaa karibu na msikiti, mtu wa maneno machache na manukato mengi. Alifungua leso akatoa bangili nzito ya fedha iliyovunjika vipande viwili.

"Abaayo," alisema, maana Syokau alimwita dada na yeye akarudisha udada kwa lugha ya kwao, "hii ilikuwa ya mama yangu. Amevaa hii mpaka kufa. Ilivunjika siku tuliitoa mkononi. Sitaki kuunganisha. Nataka mkufu. Mwembamba, nivae ndani ya nguo, mtu asione. Nijue mimi tu."

"Mwembamba kiasi gani?"

Deka alichomoa uzi mmoja kutoka kwenye shela yake, akauweka mezani. "Kama hii. Utaweza?"

Syokau alitazama uzi ule, na moyo wake ukaruka. Hapo ndipo palipokuwa na ndoto yake, imelazwa juu ya meza. "Nitaweza," alijibu, na ulimi ulipokwisha kusema ndipo kichwa kikamuuliza, kwa waya upi, mama?

Jioni alimwendea baba yake aliyekuwa ameketi nje ya kiwanda chake, yaani kibanda cha mabati na makaa. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule. Alikuwa hajavuta waya tangu masika.

"Baba, naomba hiyo chuma. Kazi moja tu."

"Mwaitu, hiyo nimeshasema inaenda kwa Mwangangi. Anakuja Jumapili, tutoke kanisani achukue. Mikono yangu imekwisha. Chuma lazima iende kwa mwanaume wa huu ukoo."

Mwangangi alikuwa mtoto wa ndugu yake Wathome, fundi wa mageti huko upande wa Lukenya. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Ila mkono wake ulikuwa mzito, mdomo wake mwepesi, na hajawahi kutengeneza kitu ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba.

"Mwangangi aliniambia vile atafanya," Syokau alisema. "Ati hayo macho ni madogo sana, hayana kazi. Atayapanua na drili, apitishe nondo."

Mzee alitazama makaa yaliyokuwa yamezimika zamani. "Nitamwambia asifanye hivyo."

"Na akienda, nani atamwangalia?"

"Mwaitu," alisema Wathome kwa upole, upole ule unaouma kuliko ukali, "mama hagombani na mtoto wake."

Syokau aliingia ndani akalia. Alilia kwa hasira, kwa sababu maisha yake yote baba yake alikuwa amemwamkia mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Uji ulipokelewa kwa mikono miwili kwa ajili ya marehemu. Kiti kilipishwa kwa ajili ya marehemu. Yeye mwenyewe, Syokau wa koleo na tupa, sijui kama mzee aliwahi kumwona. Na Jumapili ikifika, hata lile jicho la mwisho, ule mwanga wake wa utotoni, ungepitishwa drili.

Siku iliyofuata alikwenda mtoni kuteka maji. Alijaza mtungi wa plastiki, akauzungushia mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu hubebea mizigo, akauweka utepe wake kwenye paji la uso, akainuka. Ukungu ulikuwa haujaondoka Iveti. Alitembea akiwa ameinama, macho nusu wazi, mzigo ukimvuta kwa nyuma na yeye akiuvuta kwa mbele. Mlima ulionekana kama unaelea. Akili yake ilikuwa imekwenda kwake tena, ikicheza na uzi wa Deka, ikiuona ukinyooka nyuma yake kutoka kwenye paji la uso mpaka mtoni, mrefu, mwembamba, haukatiki. Kila hatua uliongezeka.

Alisimama katikati ya njia. Maji yakamwagika mgongoni, wala hakuyasikia.

Jumapili alisema anaumwa na tumbo. Wathome akaenda kanisani peke yake, fimbo mkononi, na Syokau akaingia kiwandani. Alikuwa amekwisha kuviyeyusha vile vipande viwili vya bangili, kila kimoja peke yake, na kuvifua viwe fimbo mbili nyembamba. Chuma kilikuwa mahali pake katikati ya nguzo mbili. Alikipaka mafuta. Alichukua koleo kubwa ya baba, ile yenye pete inayoteleza juu ya mipini yake na kujikaza kadiri inavyovutwa, akaifunga kwenye mukwa wake. Akaibana ncha ya fedha kwa koleo, akakipa chuma mgongo, akauweka ukanda kwenye paji la uso. Hakukaa. Hakutanua miguu. Alianza kutembea kama mwanamke yeyote anayetoka mtoni.

Waya wa kwanza alianza nao kwa pupa ukakatika. Alitukana kwa Kikamba, akainyoosha ile fimbo, akachonga ncha upya, akaanza tena polepole. Safari hii ulikuja. Hakuweza kuuona kwa kuwa ulikuwa nyuma yake, lakini aliusikia kwenye mfupa wa uso, mtetemo mdogo kama mtu anayenong'ona kutoka chumba kingine. Akafumba macho. Ua ulikuwa kimya, kuku wamelala vumbini. Alivuka jicho la kwanza, la pili, la tatu, akipasha moto, akipoza, akipaka mafuta, akitembea kutoka nguzoni mpaka kwenye ua wa katani na kurudi. Hakujua tena ni saa ngapi. Alikuwa anambeba mama yake Deka kutoka mtoni, ndivyo alivyojisikia, na mzigo ulizidi kuwa mwepesi.

Mwenda pole hajikwai, lakini pia huchelewa. Alipofungua macho, baba yake na Mwangangi walikuwa wamesimama langoni.

Mwangangi alikuwa amevaa suti ya kahawia na mdomo wake ulikwisha kufunguka. Wathome aliinua fimbo. Mdomo ukafungwa. Waya ulikuwa ndani ya jicho.

Mkia wa waya ulikuwa umebaki mfupi, hatua chache tu utoke, na ukitoka yataanza maneno, na baada ya maneno chuma kitafunguliwa nguzoni. Syokau alisimama. Alivua ukanda, akarudi taratibu mpaka kwenye chuma, akiacha mkia ule pale pale ndani ya tundu. Akachukua fimbo ya pili, ile ya kipande kingine cha bangili, akaipenyeza ncha kwenye jicho kubwa la kwanza. Kisha ndipo akauvuta wa kwanza ukatoka. Sheria ilikuwa haijavunjika, kwani chuma bado kilikuwa na waya.

Ndevu za mzee zilicheza kidogo. Akavuta kigoda, akaketi.

Basi ikawa hivyo. Waya mmoja ukiwa motoni, mwingine ulikuwa jichoni. Mmoja ukitoka, mwenziwe alikwisha kuingia. Jua lilipita juu ya mabati, likaanza kushuka upande wa pili. Mwangangi, mtu ambaye angeweza kuongea mpaka kuku wakapata kizunguzungu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitokwa jasho. Alinyoosha kidole kwenye saa yake. Alishika tumbo kuonyesha njaa. Alimtazama ami yake kwa macho ya kusihi, na mzee hakumtazama, kwa sababu alikuwa anaitazama miguu ya binti yake. Hatua zake zilikuwa sawa, ya kwanza na ya mwisho. Hakujitupa, hakushtua, hakupumzika katikati.

Likabaki jicho la mwisho. Syokau aliinama akalichungulia kabla ya kuingiza waya, kama zamani. Mwanga ulikuwepo. Alipitisha wa kwanza, akapitisha wa pili, na alipofika kwenye ua wa katani alijua kwamba hana waya mwingine. Ile hotuba aliyoitunga tangu asubuhi, ya haki na ya kazi na ya Deka, yote ilikuwa imemtoka kichwani. Mkia wa fedha uliteleza ukaanguka chini bila sauti.

"Baba," alisema, "nimemaliza."

"Aiya!" Mwangangi alilipuka. "Mimi nilikuwa karibu kufa hapa! Syokau, wewe ni mtu wa aina gani? Sasa mzee, tuifungue hii chuma niende, ama tukule kwanza?"

Wathome hakuinuka. "Mwangangi. Hiyo chuma nilipewa na nani?"

"Si na susu, mama yako? Hiyo hadithi tunaijua sote."

"Susu yako aliitwa nani?"

Mwangangi alimtazama mzee, kisha akamtazama Syokau, akaanza kuona shimo mbele ya mguu wake. "Susu Syokau."

"Basi. Syokau alinipa, na Syokau ameichukua. Ama unataka mimi nipigane na mama yangu siku ya Jumapili?"

Mwangangi alicheka, na kwa kweli kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema hayo macho alikuwa hayapendi tangu mwanzo, ni madogo mno, yanamkazia macho. Akaenda kutafuta kilichomo sufuriani.

Syokau aliinama kukusanya fedha iliyotapakaa ardhini, na furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Ameshinda, ndiyo, na hata hivyo aliyeshinda alikuwa bibi tena. Bibi amesimama nyuma yake, bibi amepokelewa kwa mikono miwili. Alijiambia aridhike. Chuma kimebaki, Deka atapata mkufu wake, mtu hali vyote.

Kivuli cha baba kilimfikia. Mzee alimchukulia waya mkononi, akauinua mpaka mdomoni, maana vidole vyake vilikwisha kuwa sugu na ni mdomo tu uliokuwa bado unasikia. Akaupitisha juu ya mdomo wa chini, polepole, mkono ukitetemeka, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia tena.

"Mama yangu aliificha tu hii chuma," alisema. "Hakujua kuvuta. Na mimi nikivuta, pale napumzika waya inabaki na alama. Miaka yote, mwenye anajua kuangalia anaiona." Akamrudishia ile fedha, akaiweka katikati ya viganja vyake. "Hii haina alama. Hii umefanya wewe, Syokau."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Alimwita jina lake, bila mwaitu mbele yake wala nyuma yake.

Machozi ya Syokau yalikuwa yamekwisha kufika na Mwangangi alikuwa anarudi na sahani ya isyo ya mahindi na maharagwe, mdomo umeanza kufunguka. Haraka haraka binti akaokota kipande cha shaba kilichokuwa karibu na makaa, akakipaka mafuta, akakipenyeza ncha kwenye jicho la kwanza, ili mtu asiseme neno lingine.